Uzi: Dira ya maisha umeiandika, au una orodha ya malengo tu?

#1 Kilimia (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mlionizidi umri, shikamooni.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aje kuusoma usiku. Wiki iliyopita mdogo wangu aliyemaliza chuo alinionyesha kwenye simu yake malengo yake ya mwaka huu. Yako kumi na saba. Nilimsifu, lakini usiku sikupata usingizi, kwa sababu niliyaona malengo yangu ya zamani mle ndani. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningemwambia siku ile kama maneno yangekuja haraka.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, nipo Tanga. Kabla ya hapo nilikaa Dar miaka kumi na tatu nikiuza vitambaa kwenye duka la mtu, Kariakoo. Kwa miaka minane mfululizo, kila tarehe 1 Januari, niliandika malengo kwenye kaunta buku moja ambalo ninalo hadi leo. Mwaka 2010: kiwanja, pasipoti, kozi ya kompyuta, kupunguza mwili. Mwaka 2011: kiwanja, friji, kozi ya kompyuta, kupunguza mwili. Ukipekua kurasa zile utaona mwandiko unabadilika na kalamu zinabadilika, vitu ni vilevile.

Kiwanja nilikipata 2016, Chanika, ishirini kwa ishirini. Kwenye kikoba chetu tulikuwa kumi na wanane, na zaidi ya nusu walishanunua huko, kwa hiyo kila tukikutana mazungumzo ni tofali na hatimiliki. Fungu la mwisho nilikopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Nililipa kila siku jioni, mkusanyaji amesimama mlangoni mwa duka na daftari lake, wateja wanatazama. Deni likaisha. Jumapili moja nikapanda daladala kwenda kukiona kiwanja changu. Nilisimama katikati ya mabua ya mahindi ya mtu aliyelima bila kuniuliza, nikalishika lile jiwe la mpaka, nikangoja furaha ije. Haikuja. Lilikuja swali: nani atakaa hapa? Mama yangu yuko Tanga, miguu imeshaanza kumsumbua. Mwanangu analelewa na mama hukohuko. Mimi Dar nilikwenda kutafuta, sikwenda kuhamia. Nilikuwa nimejikamua zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya mahali ambapo sijawahi hata mara moja kujiona nikiamka asubuhi.

Chanika haina kosa lolote, kuna watu wamejenga na wanaishi vizuri. Kosa lilikuwa kwamba nilijua nataka nini, bila kujua nataka kuishi vipi.

Sasa niwaeleze nilikolitoa hili neno dira.

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, Pangani. Safari zake nyingi zilikuwa kwenda Mkoani, Pemba. Ukiangalia ramani, Mkoani iko karibu kabisa na mashariki ya Pangani, ng'ambo ya mkondo wa bahari wa Pemba. Alikuwa na dira ndani ya kisanduku cha mbao, bakuli la shaba lenye kioo, na usiku kandili ndogo iliwekwa pembeni yake ili aisome. Nikiwa mdogo aliniruhusu kukigeuza geuza kisanduku nione ule uso unavyokataa kugeuka nacho. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolipenda: wewe unazunguka, chombo kinazunguka, yenyewe inabaki ikitazama kulekule.

Lakini kilichonifaa zaidi nilikuja kukielewa ukubwani. Nilimuuliza babu, kama Pemba iko matlai, yaani mashariki, si unaelekeza omo, ile sehemu ya mbele ya chombo, matlai tu unalala? Akasema ukifanya hivyo utaamka unaiona Pemba iko nyuma ya bega lako la kulia. Maana pale katikati kuna mkondo unaosukuma maji kwenda kaskazini, saa zote, upepo uwepo usiwepo. Nahodha anaelekeza omo kusini kidogo ya pale anapokwenda, ili mkondo wenyewe umrudishe kwenye njia. Na msimu wa kaskazi, upepo ukija kwa mbele, haendi moja kwa moja hata kidogo. Anabisha: anakwenda huku, anageuza tanga, anarudi huku, anageuza tena. Aliyekaa ufukweni akimtazama atadhani mzee kapotea.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema weka dira ya maisha, ujue kuna mambo matatu mle ndani: unakokwenda, mkondo unaokusukuma, na kukubali kubisha. Wengi tunafundishwa la kwanza peke yake, tena nusu.

#2 Kilimia (mleta uzi)

Naendelea. Wakenya wana neno lao, ruwaza, walilolitumia kwa ule mpango wao wa 2030. Makanisani na kwenye semina utasikia maono. Vijana wanasema ndoto. Mimi nimebaki na dira kwa sababu ndoto na maono unaviona, ila dira unaitumia. Inakaa mbele yako kazini.

Nilichofanya mwaka 2017, badala ya kuandika orodha, niliandika siku moja. Jumanne. Sikuchagua harusi, Idi, au siku ya kukabidhiwa ufunguo wa gari. Jumanne ya kawaida nikiwa na miaka 50. Hivi ndivyo nilivyoandika, nimenakili kama ilivyo:

"Nimeamka Tanga kwa adhana. Mama yuko chumba cha mbele, kina dirisha upande wa barabara ili aone watu wanaopita, maana anapenda kusalimiwa. Nimefungua kibanda saa mbili. Kuna wasichana watatu kwenye cherehani, mmoja mgeni, bado anashona kwenye karatasi bila uzi anyooshe mkono. Mchana nakula nyumbani. Saa kumi nafunga. Hakuna anayenipigia simu ya marejesho. Mwanangu akinitafuta ananipata."

Basi. Hakuna milioni hapo, hakuna gari. Nilipomaliza kuandika nililia, na sijui kueleza vizuri kwa nini, ila nadhani ni kwa sababu nilikuwa naiona ile siku kwa mara ya kwanza na nilikuwa nimekaa mbali nayo sana.

Kisha ndiyo malengo yakazaliwa, tena yenyewe. Ili mama awe na chumba cha mbele, lazima nyumba ya Tanga ikarabatiwe, siyo nijenge Chanika. Ili wasichana watatu wawepo, lazima mimi mwenyewe niwe fundi wa kufundisha wengine, na wakati ule nilijua kuuza kitambaa na kushona gauni la kawaida tu. Ili nisidaiwe, kikoba kiwe cha kuweka, siyo cha kukopa. Kozi ya kompyuta, iliyokaa kwenye orodha miaka minane, nikaifuta bila uchungu. Kiwanja nikakiuza 2018.

Sasa mkondo. Hapa nawaomba mtulie, maana ndipo wengi tunapopotelea. Nilichukua ukurasa mwingine nikaandika vitu vyote vinavyonisukuma kila mwezi hata nisipofanya uamuzi wowote. Kadi za michango ya harusi: mwezi mmoja nilihesabu sita. Ndugu wanaopiga simu tarehe za mishahara. Kikoba, ambako ukiona wenzako wamekopa unaona aibu kutokukopa. Sare za vijora kila shughuli. Halafu kitu kimoja ambacho kilinichoma kukiandika: hofu ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Hicho ndicho kilichokuwa mkondo mkubwa kuliko vyote. Miaka kumi na tatu nilikaa Dar nikisukumwa nacho, nikidhani naendesha mwenyewe.

Mkondo haukomi kwa kuukasirikia. Siwezi kuwaambia ndugu zangu wasipige simu, na sitaki, ni wangu. Unachofanya ni kile alichofanya babu, unaelekeza omo upande wa pili kidogo kabla haujakufikia. Nilianza kutenga fungu la michango mwanzoni mwa mwezi, likiisha limeisha, na anayekuja baadaye namwambia kweli. Fungu la Tanga lilitoka kabla ya kodi ya nyumba. Kabla ya kodi, narudia.

Mwaka 2019 tajiri wangu aliniita akaniambia anafungua duka Dodoma, anataka nikasimamie, na mshahara ungepanda karibu nusu. Mimi sijawahi kuitwa msimamizi maishani mwangu. Nikaomba siku mbili. Usiku nikafungua kaunta buku nikasoma ile Jumanne mara tatu nne. Dodoma haimo. Nikaanza kujidanganya kwamba Dodoma ni ya muda, nitakusanya pesa kisha nirudi, halafu nikakumbuka Dar nayo ilikuwa ya muda. Nilikataa. Mwezi wa nane nikahama kwenda Tanga na cherehani moja, mabegi mawili na friji.

Friji niliiuza mwaka uliofuata. Nalisema hili ili mtu asifikiri ukiwa na dira mambo yananyooka. Machi 2020 shule zilifungwa, na mimi nilikuwa nategemea sare za shule. Oda zote zikakatika. Nikashona barakoa, nikashona mifuko ya kuhifadhia nafaka, nikapunguza suruali za watu kwa mia tano mia tano. Huko ndiko kubisha. Aliyenitazama toka nje aliona mtu aliyekataa usimamizi Dodoma anakaa kibarazani anapunguza suruali, na wapo waliosema. Lakini mimi nilijua niko wapi. Mama alikuwa dirishani.

Leo nina wasichana wawili, siyo watatu. Miaka 50 bado.

Karibuni tuchangie. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

#3 Zege_Mbagala

Dada umeandika vizuri na nimesoma yote, lakini ngoja niseme ukweli. Mimi ni kibarua wa zege. Nalipwa kwa siku. Kuna siku foleni ya vibarua pale kwenye saiti tunakuwa arobaini, wanachukua kumi na tano, wengine tunarudi kwa miguu. Mtu kama mimi nikikaa kuandika Jumanne ya miaka 50, mtoto anataka uji leo. Mambo ya dira naona ni ya watu wenye mshahara na muda. Sisi tunaishi siku kwa siku.

#4 Kilimia (mleta uzi)

Kaka Zege, nimekusoma na nimekaa nayo kabla ya kujibu.

Uko sahihi, dira haichemshi uji. Nahodha mwenye dira na tanga lililochanika bado hafiki. Nisingependa mtu yeyote aache foleni ya saiti aende kuandika daftari.

Lakini nikwambie nilichokiona. Wanaolipwa kwa siku ndio mkondo unaowasukuma kwa nguvu zaidi, kwa sababu kila siku kuna uamuzi wa pesa, wakati mwenye mshahara anaamua mara moja kwa mwezi. Nilipokuwa napunguza suruali nilikuwa nalipwa kwa siku kama wewe, na nilishangaa jinsi shilingi elfu mbili inavyoweza kwenda popote bila kuaga. Kipindi kile sikuandika ya miaka ishirini. Niliandika sentensi nne: nani nataka ale vizuri kabla yangu, kazi gani mikono yangu iijue ambayo leo haiijui, deni gani sitaki tena, na wapi nataka kulala. Haikuchukua muda mrefu kuliko kusubiri chai.

Hiyo ya pili ifikirie zaidi. Kwenye saiti yupo mtu anayefunga nondo, yupo anayepiga bomba la maji, yupo fundi wa vigae. Wote wanalipwa kuliko mbeba zege, na wote wanafanyia kazi mbele ya macho yako. Ukijua unataka mikono yako ijue nini, siku ukichukuliwa saiti utajua usimame karibu na nani.

Usinijibu haraka. Ukitaka, rudi siku nyingine.

#5 Mkimbiaji_Eldy

Hujambo dada Kilimia, nakusoma kutoka Eldoret. Hilo la Zege limenigusa, wacha niongeze kitu kutoka huku kwetu.

Kimani Maruge wengi mmemsikia. Masomo ya bure ya shule ya msingi Kenya yalianza 2003, na Januari 2004 mzee wa miaka 84 akaingia darasa la kwanza, shule ya msingi ya Kapkenduiywo, hapa Eldoret, amevaa yunifomu na kaptula kama watoto. Hakutaka kuwa mkubwa wa nchi. Alitaka kujisomea Biblia yake mwenyewe bila kutegemea kusomewa. Ni hilo tu, na lilimtosha kuamka kila asubuhi. Mwaka 2005 walimpeleka New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Baada ya fujo za uchaguzi wa 2007 aliishi kambi ya wakimbizi, na bado alikuwa akitoka kambini kuenda darasani. Alipohamishiwa Nairobi kwa nyumba ya wazee akatafuta shule tena huko. Alifariki 2009 akiwa bado mwanafunzi.

Mzee hakuwa na mshahara, hakuwa na muda mrefu mbele yake. Lakini ukisoma maisha yake ya mwisho unaona kila pahali alipopelekwa na shida, kitu cha kwanza alitafuta ni shule. Naona hiyo ndiyo dira unayosema.

Na hiyo ya kubisha, angalia Kipchoge. Bingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa kijana mdogo 2003, halafu 2012 akakosa kuingia timu ya Olimpiki ya London. Wengi waliona ameisha. Mwaka uliofuata akaingia marathoni, akashinda ya kwanza kabisa huko Hamburg. Kukimbia hakuacha, alibadilisha barabara.

#6 Kilimia (mleta uzi)

Asante sana ndugu yangu wa Eldoret. Kwamba kila alipohamishwa alitafuta shule kwanza, hapo umenifundisha. Nitaliandika kwenye daftari langu.

#7 Mpemba_Muscat

Assalaam alaykum. Dada umeitaja Mkoani nikahisi kama nimeitwa, mimi kwetu ni huko. Niko Muscat mwaka wa tisa.

Nataka kusema jambo kwa waliooa na walioolewa. Mimi dira nilikuwa nayo, tena imeandikwa. Nyumba ya vyumba vinne, baraza kubwa mbele, kisima. Natuma pesa, msingi ukatoka, kuta zikapanda, tukafunga lenta, tukasimama hapo. Ni pagale mpaka leo, na mti umeota chumbani. Nilipokwenda likizo nikamuuliza mke wangu, mbona hufuatilii mafundi? Akanyamaza siku mbili, kisha akanambia: nyumba hiyo uliiota peke yako. Yeye anataka tukae mjini karibu na dada zake na karibu na skuli ya watoto, vyumba viwili vinamtosha. Tangu mwanzo alikuwa anaona aibu kusema kwa sababu mimi ndiye ninayetuma pesa.

Miaka sita nimejenga kitu ambacho mmoja wetu hakitaki, na sikuwahi kuuliza. Sasa kila Ijumaa tunapiga simu ya saa nzima, hatuzungumzi pesa mwanzoni, tunazungumza hiyo Jumanne yako tu. Inshallah nitarejea.

#8 Kilimia (mleta uzi)

Waalaykum salaam kaka. Huu mchango wako ungetosha kuwa uzi peke yake. Nimeusoma mara mbili.

Naomba kila mwenye mwenza aufanyie kazi. Muandike kila mtu peke yake, kalamu tofauti, vyumba tofauti, kisha mbadilishane karatasi. Mkiandika pamoja, mwenye pesa au mwenye sauti ndiye atakayeandika, mwingine ataitikia.

Niliwahi kufanya hivyo na mama yangu pia. Nilimuuliza anataka nini, nikidhani atasema choo cha ndani kwa sababu ya miguu. Akasema dirisha. Choo nimemjengea, lakini bila kuuliza nisingelijua dirisha.

#9 Mtafuta_Radhi

Swali la nia njema. Tukiandika siku ya miaka 50, je, si kama tunamwekea Mwenyezi Mungu mipaka? Binadamu hupanga, Mungu hupangua. Kuna anayejua atafika kesho?

#10 Kilimia (mleta uzi)

Swali zuri na nalichukulia kwa uzito wake.

Babu hakuwahi kung'oa nanga bila dua. Kila safari. Na akimaliza dua, aliwasha kandili ya kusomea dira. Sikuwahi kumwona akiona mambo hayo mawili yanagombana. Tumefundishwa mfunge ngamia wako kisha utawakali. Mimi ile Jumanne nimeiandika na inshallah juu yake, na nikiitwa kabla ya hapo, wasichana wawili watakuwa wameshajua kushona na mama atakuwa na dirisha lake. Hakuna kilichopotea.

Jina langu la humu, Kilimia, nimelitoa kwenye lile kundi la nyota liitwalo kilimia. Wazee wetu wa pwani walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walizisoma ili wajue lini walime. Mvua ni ya Mungu, jembe lilikuwa lao.

#11 Mwalimu_Iringa

Mleta uzi hongera. Nauliza: unaipitia mara ngapi? Maana mimi nimeandika mara nyingi, tatizo langu daftari linakaa chini ya godoro mpaka Januari nyingine.

#12 Kilimia (mleta uzi)

Shikamoo mwalimu, kama umenizidi. Hilo tatizo hata nchi ililipitia, na mimi nilijifunza hapo.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 ilianza mwaka 2000. Ilisema tufike wapi: maisha bora, amani na umoja, utawala bora, jamii iliyoelimika, uchumi imara. Lakini mpango elekezi wa muda mrefu wa kuitekeleza, ule uliogawanywa vipande vitatu vya miaka mitano mitano, ulianza 2011/12. Yaani miaka kumi na kitu ya mwanzo dira ipo na ngazi za kuipanda hazijapangwa hivyo. Baada ya hapo kila kipande kilikuwa na kazi yake, na kila Juni kuna bajeti. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuweka uchumi wa kati wa chini. Sasa tuna Dira ya 2050, imezinduliwa Dodoma Julai 2025, inataka pato la mtu mmoja lifike dola 7,000. Unaweza kubishana nayo utakavyo, na kuna mengi ya kubishana, lakini nilipenda ule mpangilio: kitu cha mbali kimoja, vipande vya miaka mitano, na hesabu ya mwaka.

Mimi nimeuchukua hivyohivyo. Jumanne haibadiliki mwaka hadi mwaka. Kipande cha miaka mitano nakibadilisha nikilazimika. Ya mwaka naiandika, lakini siyo Januari. Januari nina ada na nimechoka, naandika Julai, baada ya msimu wa sare kupoa. Na kila mwisho wa mwezi, siku ninayohesabu pesa za kibanda, nasoma ile Jumanne kabla ya kuhesabu. Nikihesabu kwanza, pesa ndizo zinazoamua. Nikisoma kwanza, najua nazipangia kazi gani.

Kuhusu godoro: itoe huko. Yangu nimeikata nikaibandika ndani ya droo ya cherehani, pale ninapochukulia bobini. Kila bobini ikiisha, naiona. Kwa siku zinaisha nyingi tu. Wewe mwalimu una jalada la maandalio ya somo unalifungua kila asubuhi. Bandika hapo, ukurasa wa ndani.

Na ukiona umeisoma miezi mitatu na haikugusi, usiilazimishe. Inawezekana uliandika Jumanne ya mtu mwingine. Ya kwanza niliyoandika mimi, kabla ya hii niliyowaonyesha, ilikuwa na duka la ghorofa na wafanyakazi kumi. Niliisoma wiki mbili nikagundua ni ya tajiri wangu. Hata kiti nilichojiona nimekalia kilikuwa chake.

#13 Mwalimu_Iringa

Marahaba. Hapo kwenye kiti umenimaliza. Naenda kuandika upya.

#14 Zege_Mbagala

Dada Kilimia nimerudi. Imenichukua siku tano. Niliandika nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji kwa penseli ya fundi, nimeinakili hapa:

Nataka mwanangu ale asubuhi kabla hajaenda shule, siku zote tano.
Nataka mikono yangu ijue vigae.
Sitaki tena deni la duka la pale kona.
Nataka kulala chumba changu na mke wangu na watoto walale chumba kingine.

Juzi nimechukuliwa saiti moja ya Kijichi. Kuna fundi wa vigae pale, mtu mzima. Mchana wenzangu walipolala kivulini nilimuomba nimsaidie kuchanganya gundi. Alinitazama, akanipa chepeo. Jana akanipa kipande kimoja nikipange pembeni mwa choo, akakipima na pima maji, akasema kimeinama, king'oe. Nikaking'oa, nikapanga tena.

#15 Kilimia (mleta uzi)

Kaka, hongera sana, toka moyoni.

Hiyo sentensi ya nne ina vyumba viwili. Kaa na shemeji umuulize anataka dirisha lake litazame wapi, halafu liandike.